Kiti cha Onufry

Wewe unayenisikiliza, umewahi kumwandalia sahani mtu unayejua amekufa, huku mama yake akikuelekeza mahali pa kuweka kijiko?

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Salomea. Ulikuwa mkesha wa Noeli, kule Poland upande ulioshikwa na mfalme wa Urusi, na nyasi kavu zilikwisha kutandazwa chini ya kitambaa cheupe cha meza. Jioni hiyo kila nyumba huacha kiti kimoja kwa mgeni asiyetazamiwa. Lakini nyumbani kwa mkwewe Pelagia kiti hicho kilikuwa na mwenyewe: Onufry, mume wa Salomea, aliyeingia msituni na waasi, akakamatwa, akatiwa pingu na kupelekwa Siberia.

“Kijiko upande wa kushoto,” Pelagia alisema. “Umesahau mumeo hutumia kushoto?”

“Sijasahau, mama.”

Angesahauje? Wakati wa mavuno, nyuma ya kanisa, mtu mmoja aliyerudi kutoka huko alimnong'oneza yote. Yeye na Onufry walifungwa mnyororo mmoja. Onufry alianguka njiani, hata kwenye migodi ya wafungwa hawajafika. Askari wakamfungua mnyororo, wakamwacha kwenye theluji kama gogo. Salomea alirudi nyumbani akapika kabichi. Amwambieje mama aliyekwisha kusema, “Siku nitakayosikia hayupo, na mimi nichimbieni kaburi”? Nguo nyeusi nayo haikuvalika. Tangu uasi uzimwe, serikali ilikataza nguo za msiba, ikiziona kuwa za kuwalilia waasi, na mwanamke asiyeweza kuwathibitishia polisi kwamba amefiwa alivuliwa nguo hiyo sokoni, watu wakitazama. Basi Salomea alilia kimoyomoyo, kichwani ana kitambaa chekundu cha maua alichofungwa na Pelagia mwenyewe, “ili Onufry akirudi akukute unang'aa.”

Nyota ya kwanza ilipochomoza, mlango ukabishwa.

Alisimama mzee wa mguu mmoja, amejifunika koti la kijivu la jeshi la Urusi. “Asifiwe Kristo,” alisema kwa Kipolandi cha shamba kabisa.

Pelagia hakuitikia. “Koti hilo ndilo lililomfunga mwanangu.”

“Koti si langu, mama. Warusi walinikamata sijaota hata ndevu, nikawatumikia mpaka mguu ukaisha. Meno yangu pia wamebaki nayo. Natafuta pa kuketi tu.”

“Kaa pale jikoni, na mbwa.”

“Mama! Kiti kipo,” Salomea alisema.

“Kina mwenyewe.”

“Si wewe uliyenifundisha kwamba mgeni wa leo hanyimwi kiti?”

“Nimesema kina mwenyewe!”

“Msigombane,” mzee alisema, akijishusha sakafuni huku akigumia. “Mbwa huyu ana adabu kushinda makamanda wangu wote.”

Hakuna aliyecheka. Supu ya uyoga ilikuwa ikipoa. Kabla ya kuigusa, watu humegeana kaki nyeupe ya ngano, nyembamba kama ganda la kitunguu, na kila anayemega humtakia mwenzake jambo. Pelagia akamnyooshea Salomea ya kwake.

“Onufry arudi,” alisema, kama kila mwaka, akangoja.

Kila mwaka Salomea huitikia, “Na iwe.” Safari hii ulimi uligoma. Alikitazama kile kijiko cha kushoto, kimesuguliwa hadi kinametameta, halafu akamtazama mzee akipasha vidole vyake kwenye manyoya ya mbwa. Akainuka na kaki yake, akaenda kupiga magoti jikoni.

Mzee akamega kipande kidogo sana. “Nikutakie nini, binti yangu? Mume mwema? Watoto?”

Kule mezani Pelagia alikuwa bado ameinyoosha kaki yake hewani. Salomea akalifungua fundo chini ya kidevu. Kitambaa chekundu kikamwangukia mapajani.

“Nitakie nguo nyeusi, baba,” alisema, kwa sauti iliyofika mezani. “Mume wangu amekufa. Nataka kumlilia.”