Neno Lililokatwa Chinongwe

Mzee Bilali wa Chinongwe aliwaza kwa Kimwera na kuongea Kiswahili cha mnadani. Ngeli zilimpiga chenga maisha yake yote. Kwake mikorosho wamekauka, maneno wamezidi. Zulfa, mtoto wa dada yake, alikulia mikononi mwake akimsahihisha, na kila mara mzee alimjibu vilevile: "Si umenielewa? Basi imetosha."

Zulfa huyo sasa alirudi na kamera. Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo redioni Nachingwea, akapanda ngazi hadi runinga ya Dar es Salaam, na baada ya miaka kumi na miwili alikuwa ameahidiwa kipindi chake mwenyewe cha masuala ya wiki. Sharti lilikuwa moja: alete taarifa ya wakulima na wafugaji itakayotikisa nchi.

Ng'ombe wa Ngolo, mfugaji aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, walikuwa wameufyeka ufuta wa mzee Bilali ukiwa kwenye maua. Lakini wazee hao wawili walikwisha kupanga kikao cha suluhu, Ijumaa baada ya swala. Mzee aliitazama kamera, kifua mbele kwa ajili ya mpwa wake, akasema: "Ngolo aje tu. Maneno haya, Ijumaa tutawamaliza."

Mhariri, Methusela, aliipokea picha Dar akapiga simu kwa furaha. Alikuwa ameyakata "maneno haya". Ilibaki "Ngolo aje tu. Ijumaa tutawamaliza," juu ya picha ya vijana wakinoa mapanga ya kufyekea mikorosho. Zulfa alimweleza kwamba mzee alikusudia kusema "tutayamaliza", ni ngeli tu zinamshinda.

"Watazamaji watajuaje?" Methusela aliuliza. "Kipindi unakitaka, hukitaki?"

Zulfa alinyamaza. Methusela aliuchukua ukimya ule kuwa ndiyo, wala hakukosea.

Taarifa ilirushwa Jumatano. Ngolo aliiona akinywa chai kwenye mgahawa mmoja mjini Ruangwa, na watu wote wakaiacha runinga wakamtazama yeye. Ijumaa alifika kikaoni kama walivyoagana, ila na wanawe wanne, fimbo mkononi. Mzee Bilali alitoka msikitini mikono mitupu, akaunyoosha mkono kumsalimu. Vijana hao wa Ngolo waliona mkono ukinyanyuka. Fimbo ya kwanza ilitua kwenye taya.

Kesho yake asubuhi Zulfa alianzia polisi. Ngolo, amejikunyata kwenye sakafu ya mahabusu, alimwuliza jambo moja tu. "Mimi Kiswahili nimejifunza ukubwani, binti. Wewe ulikijua. Mbona hukuniambia?"

Saa saba mchana alisimama mubashara nje ya wodi ya hospitali ya Mnero, alikolazwa mjomba wake. Sikioni Methusela alimtaka aeleze uhasama wa siku nyingi.

"Mjomba wangu hakumtishia mtu," Zulfa alisema. "Alisema, maneno haya —"

Sauti ya sikioni ikakatika. Kupitia dirisha aliiona runinga ya wodini ikitangaza sabuni. Akamalizia sentensi hata hivyo, mbele ya kamera isiyompeleka popote, kisha akavua kinasa sauti na kuingia ndani.

Mzee Bilali alikuwa amefungwa bandeji toka kidevuni hadi utosini. Zulfa alipiga magoti.

"Nilikuelewa, mjomba," alisema. "Siku ile ile nilikuelewa."

Mzee alimtazama. Kisha akageukia ukutani.