Mfumaji wa Nne

Nilianza masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minne, vidole vikiwa bado na sugu za uzi. Nilipofika hamsini na tatu nilisimama mbele ya maprofesa watatu kutetea tasnifu yangu ya udaktari. Ilihusu wanawake wa mji wetu wa Azru waliogoma kufuma, baada ya mfanyabiashara wa mazulia kukataa majina yao yashonwe nyuma ya kazi zao. Kabla ya kuingia niliswali rakaa mbili. Sikuhisi kitu. Nilikunja mswala, basi.

Wagomaji watano walikaa safu ya mbele na maziwa na tende za kunipongeza. Shangazi yangu Izza, aliyenifundisha kufuma, ndiye aliyeongoza mgomo ule.

Kanuni ya chuo ilitaka waliohojiwa wote waitwe kwa namba. Niliifuata. Wao sikuwaambia.

"Mfumaji wa Nne," nilisoma, "alikaa siku arobaini bila kugusa uzi, ingawa mumewe alimfungia nje."

"We Tuda!" Izza akapaza sauti. "Huyo si mimi? Mimi ndiye niliyefungiwa nje!"

"Nyamaza, unamharibia mtoto," Hadda, mgomaji mwenzake, akamwambia.

"Nyamaza wewe. Kwani wewe ni wa ngapi?"

"Wa pili, nadhani. Yule aliyeuza mbuzi ni mimi."

Watu wakacheka. Profesa Lemlih, msimamizi wangu, akagonga meza. Nikaendelea na namba zangu hadi ukurasa wa mwisho.

Nilifaulu kwa alama za juu. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Uani mwa chuo Izza akanimiminia maziwa. "Kunywa, daktari. Yule tajiri wa mazulia angalau alituita 'nyie wanawake'. Wewe umetupanga kama wafungwa."

"Ni kanuni, shangazi."

"Na yeye alisema hivyo hivyo."

Nikanywa. Akaichukua tasnifu mikononi mwangu, nakala ambayo nilitakiwa kuikabidhi masjala siku hiyo hiyo, la sivyo shahada isingesajiliwa.

"Nipe kalamu."

Kuandika alijifunza msikitini, uzeeni. Hadda akamshikia ukurasa, naye akaandika Izza binti Moha juu ya namba yake, akikandamiza mpaka karatasi ya chini ikapata alama. Kisha akampa Hadda kalamu. Wote watano wakaandika. Sikuwazuia.

Profesa akanivuta kando. "Tuda, chapa nyingine. Duka liko hapo ng'ambo. Hiyo wataikataa, na miaka kumi na tisa itakwenda bure."

"Sawa, profesa."

Nilivuka barabara. Mashine ya kuchapia ilikuwa haina mtu. Nilisimama pale nikamwomba Mungu anipe hofu, au hasira, chochote cha kunisukuma. Hakikuja. Nikarudi na nakala ile ile.

Karani wa masjala akaifunua. "Mama, hii imechafuliwa. Siwezi kuipokea."

"Andika kwamba nimeileta."

"Nitaandika imekataliwa."

"Andika hivyo."

Akaandika, akapiga mhuri, akanipa karatasi yangu.

Niliwakuta wote watano wameshabanana kwenye teksi ya kurudi Azru. Izza akatoa kichwa dirishani.

"Wamepokea?"

"Wamekataa."

Akafungua mlango.

"Sogea, Hadda. Mwenzetu anapanda."