Mkono Pembeni mwa Picha

Haya niliyapata kwa Badam, mke wa Gombo, majira ya ngamia kupukutisha manyoya, tukiwa tumekaa nyuma ya hema lake tunachambua sufu. Badam si mtu wa kupamba maneno. Alichokiona alisema amekiona. Mengine aliambiwa na Nansalmaa mwenyewe baadaye, na pale alipokisia alisema, "Hapo nakisia, mama." Nami nimekisia naye kidogo tu.

"Shikeni mbwa!" aliita Nansalmaa kutoka mbali, kama anavyoita kila mgeni mwenye adabu zake, ingawa mbwa wa pale alikuwa mzee, amejilaza kivulini mwa pipa la maji, na hakuinua hata sikio. Gari na dereva alikuwa amewaacha kule bondeni. Hakutaka shahidi.

Badam alitoka hemani, mikono imelowa dang'a, maziwa ya kwanza ya ngamia aliyezaa, mpaka viwikoni. Alimtazama yule mwanamke wa makamo aliyevaa joho la kijivu kama watu wengine, akamjua.

"Mheshimiwa! Kuna uchaguzi?"

"Hakuna uchaguzi, dada."

"Basi umepotea njia."

"Sikupotea. Nimekuja kumwamkia bi mkubwa."

Nchi nzima ilimjua Nansalmaa. Vipindi vitatu alikaa bungeni, na bado alikuwamo. Aliwatetea wanawake waliopigwa na waume zao, mpaka polisi wakajifunza kuandika walichokuwa wakikicheka. Alikwenda magerezani akihesabu mablanketi kwa mkono wake. Na nyimbo za wafugaji, zile zilizokuwa zinakufa na wazee wake, ndiye aliyepigania ziandikwe katika kitabu cha urithi wa taifa. Hayo yote ni kweli, wala hakuna wa kumnyang'anya.

Alivuka kizingiti bila kukikanyaga. Bi Dogsmaa, mama yake Gombo, alikuwa ameketi juu ya zulia upande wa kaskazini, mdogo kama mfuko uliomwagwa nusu. Alimpa mgeni kichupa cha ugoro kwa mkono wa kulia. Nansalmaa alikipokea, akanusa, akakirudisha. Hakumtazama usoni. Alitazama mguu wake wa kushoto, ule uliokuwa ndani ya soksi ya sufu.

Kwani ndio mguu alioukanyaga.

Ilikuwa miaka kumi na miwili nyuma, mji mkuu, siku kitabu cha urithi kilipofunguliwa kwa sherehe. Dogsmaa aliletwa kwa lori siku mbili nzima ili aimbe wimbo wa kumbembeleza ngamia aliyemkataa mwanawe. Akaimba. Ukumbi ukalia. Kisha Nansalmaa akapanda jukwaani, na kwa ule utamu wa kupigiwa makofi akasema wimbo huu yeye aliunyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Karani akaandika kitabuni: mwenye wimbo, fulani, mama wa mheshimiwa. Nansalmaa aliliona jina lile kabla wino haujakauka. Akanyamaza.

Alipokuwa anashuka akiitwa kupigwa picha, kiatu chake cha kisigino kilitua juu ya mguu wa yule mama. Sisi ukimkanyaga mtu unampa mkono papo hapo, hata awe mtoto, hata awe adui. Dogsmaa akanyoosha mkono wake kuupokea wa mwenzake. Nansalmaa aliuona, na mpiga picha alikuwa anaita. Akapita.

Picha ilitoka gazetini. Nansalmaa katikati, anacheka, na pembeni kabisa mkono tu, umenyooshwa, hauna mwenyewe. Aliitundika ofisini. Wageni walipouliza, "Huu mkono wa nani?" alisema, "Sijui."

"Kunywa chai," alisema Badam.

Ilikuwa chai ya maziwa, imekolea chumvi. Nansalmaa alilishika bakuli akitafuta mahali pa kuanzia maneno yake, na kabla hajapapata, sauti nyembamba ililia nje. Ililia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Ndama wetu huyo," alisema Badam. "Ana siku mbili hajanyonya. Kwa mama yake huu ni uzazi wa kwanza, alizaa katikati ya dhoruba ya vumbi, akaumia vibaya. Sasa hataki hata kumnusa. Namnywesha kwa pembe, lakini anatapika. Usiku wa leo haumalizi."

"Na bi mkubwa hamwimbii ngamia?"

Badam aligusa koo lake mwenyewe. "Kiharusi, wakati wa baridi. Kimemwachia mnong'ono. Mimi nina sauti ya kuitia mbuzi. Mume wangu anapiga zeze, lakini kuimba, heri alie tu." Kisha uso ukamchangamka. "Lakini mbingu si kipofu! Wewe si ulisema redioni unao wimbo huu tangu titini? Twende basi, mheshimiwa. Umefika na saa yako."

Nansalmaa alikohoa. "Vumbi la njiani limenikaba koo, dada."

"Hilo dogo." Badam akamtilia siagi kwenye chai. Akanywa. Akatiliwa tena, akanywa. Bakuli la tatu alilinywa huku jasho likimtoka, na Badam ameinama anamkagua kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Koo limefunguka?"

Nje ndama akalia tena, sasa kwa kifupi.

"Siujui," alisema Nansalmaa.

"Hujui nini?"

"Wimbo. Siujui hata mstari mmoja. Mama yangu alikuwa karani wa posta. Ngamia alimwona kwenye stempu." Aliliweka bakuli chini kwa mikono miwili. "Niliusikia siku ile moja tu, kwako, bi mkubwa. Kitabuni wakaandika mama yangu. Nikaona, nikaacha. Miaka kumi na miwili."

Badam aliziba mdomo kwa kiganja kilicholowa dang'a, lakini kicheko kilishatoka. "Posta!" alisema. "Jamani, posta!"

Bi Dogsmaa hakucheka wala hakukasirika. Alitafuta fimbo yake. Ilibidi wote wawili wamsogelee ndipo wamsikie.

"Nishikeni. Mnyama hangoji watu wamalize kuungama."

Ngamia jike alikuwa amefungwa penye uwazi, nundu zake mbili zimelegea, shingo ameipeleka upande wa upepo ili asimwone mwanawe. Gombo, mtu mrefu wa maneno machache, alilitundika zeze lake kwanza kwenye nundu ya mbele, upepo upite kwenye nyuzi, mnyama aizoee ile sauti. Kisha akalishusha, akaketi, akaanza kupiga.

Dogsmaa alisimama nyuma ya Nansalmaa, kidevu karibu na bega lake, akamnong'oneza mstari sikioni. Nansalmaa akauimba.

Aliuimba kama alivyozoea kusema, kifua mbele. Ngamia aligeuza kichwa, akamtazama kwa makini, akamtemea. Joho zima, tangu ukosi mpaka mshipi, likawa kijani cha majani yaliyotafunwa.

"Unamhutubia, mheshimiwa," alisema Gombo, bila kuacha zeze. "Huyu hapigi kura."

Ilimbidi Badam akae chini kwa kucheka. Nansalmaa alijipangusa jicho moja kwa mkono wa joho, uso unamwaka. Angekimbilia gari lake bondeni, ila kidevu cha yule mama kilikuwa bado begani pake.

"Usimwombe ampende mtoto," ulisema mnong'ono. "Mwambie tu unajua kwamba aliumia."

Nansalmaa akaanza upya, chini chini, kwa mlio wa kumtuliza ngamia. Huus, huus. Usiku ulikuwa wa vumbi, huus. Ulikuwa peke yako, huus. Tulikuwepo wala hatukukushika. Mstari ulipofika hapo sauti ilimkatika, akasubiri, akaurudia, ukakatika palepale. Badam anasema hajui kama maneno yale yalikuwa ya wimbo au bi mkubwa aliyatunga papo hapo. Hapo anakisia.

Jua liliteremka mpaka vivuli vya ngamia vikafika hemani. Mara mbili Badam alimsogeza ndama, mara mbili akapigwa teke. Vidole vya Gombo vilichubuka. Kisha sikio moja la ngamia likageuka. Chozi lilimtoka, zito, likachora njia kwenye vumbi la shavu, na la pili likafuata ileile. Badam akamsukuma ndama kwa goti. Ngamia alishusha shingo, akamnusa mgongoni muda mrefu, kama anayesoma barua. Hakupiga teke.

"Anyonye," alinong'ona Dogsmaa. "Msiseme kitu."

Walikula nyama na tambi. Nansalmaa alikuwa amevalishwa joho kuukuu la Gombo, mikono inamning'inia. Siku nzima alikuwa akiutafuta wasaa wa kunyoosha mkono, lakini mila inasema papo hapo. Haisemi lolote juu ya mkono uliochelewa.

"Nikirudi," alisema mwishowe, "nitasimama bungeni niseme kitabu kisahihishwe. Niseme na sababu."

"Watakucheka," alisema Badam.

"Wacheke."

"Bi mkubwa," alianza tena, "siku ile pale ukumbini..."

"Kula," alinong'ona Dogsmaa. "Tambi zinapoa."

Gombo alilala wa kwanza, mikono juu ya kifua. Badam aliongeza samadi kavu jikoni ili moto usizime, akatandika. Nansalmaa alitandikiwa upande wa magharibi, wa wageni, akavua viatu, akakaa amekunjua miguu. Bi Dogsmaa aliinuka kutoka jikoni akielekea kitanda chake. Hema lile amelijua miaka arobaini, angelizunguka akiwa amefumba macho, na taa ilikuwa bado inawaka. Akaja polepole na fimbo yake, akaacha njia, akaukanyaga mguu wa kushoto wa Nansalmaa. Aliukanyaga kwa uzito wote aliokuwa nao.

Kisha akanyoosha mkono.

Badam alikuwa amelala ubavu, jicho moja wazi. Anasema Nansalmaa aliutazama ule mkono kama mtu asiyejua unatumikaje. Halafu akaushika kwa mikono yake yote miwili. Bi Dogsmaa akautikisa mara moja, basi, kama ilivyo kawaida, akaenda kulala. Badam naye akafumba lile jicho.

Akabaki Nansalmaa. Mguu ulikuwa unamuuma. Hakuuingiza ndani ya blanketi, aliuacha nje kwenye ubaridi, akisikiliza huko nje ndama akinyonya, akiacha, akinyonya tena, mpaka usingizi ukamchukua.