Sindano Iliyoachwa Chupani

Wodi ya watoto wachanga ilikuwa na vitanda vidogo kumi na viwili, sinki moja, na sista mkuu aliyeogopwa na kila mtu. Akina mama walimwita Sista Mikono, nyuma ya mgongo wake, kwa sababu neno lake la kwanza kila asubuhi lilikuwa, "Nionyeshe mikono." Pete zilivuliwa mlangoni. Kucha ndefu zilikatwa palepale kwa mkasi wake mwenyewe. Bibi mmoja aliyekuja kumwona mjukuu alirudishwa kwenye sinki mara tatu, akanung'unika kwamba hata mama mkwe wake hakuwahi kumsumbua hivyo.

Kwa hiyo maambukizi yalipoingia wodini, Sista aliona kama ametemewa mate usoni.

Mtoto wa kwanza aliacha kunyonya siku ya tano tangu azaliwe, tumbo likavimba, pumzi ikawa ya kukatika. Siku mbili baadaye akafuata wa pili. Wa tatu alikuwa binti wa msusi mmoja, njiti aliyezaliwa kabla ya wakati, asiyefika kilo moja na nusu. Huyo alifariki Ijumaa kabla ya mchana, akiwa kifuani kwa mama yake.

Sista akachachamaa. Akazuia wageni. Sakafu ikapigwa deki mara tatu kwa siku mpaka mama wa usafi akauliza kama wanataka kuona chini ya saruji. Akina mama wakapangwa foleni ya sinki upya, na msusi, alipokuja kuchukua nguo za mtoto, alilazimika kusubiri huku Sista akiwaambia akina mama wengine kwa sauti kwamba vijidudu havina miguu, vinaletwa na mtu. Hakumtaja. Lakini wote walimtazama msusi, naye akatazama chini.

Kwenye kiti kilichokuwa karibu na meza ya dawa alikaa mama mmoja aliyembeba mwanawe ngozi kwa ngozi, kutwa nzima, khanga imewafunika wote wawili. Kazi yake ilikuwa kupokea maziwa kwenye kituo cha wafugaji: kuyanusa, kuyapima, kuamua yapi yamwagwe ndani ya tangi na yapi yarudi na mwenyewe. Walimwita Mama Maziwa, naye hakuona ubaya. Mtu anayebeba njiti hana pengine pa kwenda, kwa hiyo hukaa na kutazama.

Alhamisi iliyofuata alimwita Sista kwa sauti ya chini.

"Sista, naomba kuuliza kitu. Usinielewe vibaya."

"Uliza."

"Wale watatu walioumwa walikuwa wanachomwa dawa kabla hawajaumwa, sivyo?"

"Wengi humu wanachomwa dawa."

"Wangu hachomwi. Yule wa dirishani naye hachomwi. Sisi hatujaguswa." Akamrekebisha mtoto shingo. "Kituoni kwetu, maziwa ya watu watatu yakiharibika siku moja, hatuendi kukagua ng'ombe. Tunauliza yamepita wapi kwa pamoja."

"Hapa ni hospitali, mama. Si kituo cha maziwa."

"Ndiyo, Sista." Akainua kidevu kuelekea meza ya dawa. "Lakini ile chupa yenye sindano juu iko pale wiki ya tatu sasa. Naiona inavyopungua."

Sista alitaka kumjibu vikali. Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Badala yake aligeuka kuitazama meza.

Chupa yenyewe ilikuwa ya dripu, ya nusu lita, maji ya kuyeyushia dawa za unga. Zamani walitumia vichupa vidogo, unavunja kimoja, unachota unachohitaji, kinachobaki unatupa. Miezi minne iliyopita stoo ilisema vidogo vimekwisha. Sista ndiye aliyepata njia. Alichoma sindano kwenye kizibo cha mpira na kuiacha hapohapo, ili kila muuguzi achomeke bomba lake la sindano hapo, avute maji na kuendelea na kazi. Haraka, na sindano hazipotei bure. Aliwafundisha wauguzi wote, mmoja baada ya mwingine, akajisifu kidogo.

Aliingia ofisini, akafunga mlango na kutoa mafaili ya wale watoto watatu. Wote walianza dawa siku mbili au tatu kabla ya kuumwa. Wote maji yao yalitoka kwenye chupa ile. Akasoma mara ya pili, akitafuta hata mmoja wa kumwokoa na wazo hilo. Hakumpata.

Kisha akainuka. Akavaa glavu, akaifunga chupa pamoja na sindano yake ndani ya mfuko safi, akaipeleka maabara mwenyewe. Hakungoja majibu. Alizunguka jengo zima kutafuta vichupa vidogo. Stoo wakainua mabega. Wodi ya wazazi walikuwa navyo kumi. Katika chumba cha sindano cha wagonjwa wa nje alikuta boksi mbili juu ya kabati, hakuna aliyejua zipo tangu lini. Akasoma tarehe, zilikuwa bado hazijapita. Akazibeba kifuani.

Majibu yalitoka Jumapili. Fundi wa maabara alimwita dirishani.

"Sista, hii chupa ina wakazi wengi kuliko mtaa wangu," alisema, kisha akaona uso wake, akaacha utani. "Ni kijidudu kilekile tulichokikuza hapa kutoka kwenye damu ya watoto wale wawili. Wa tatu hatukupata damu yake."

Daktari wa watoto alisoma karatasi, akakuna kidevu. "Tumeshabadilisha utaratibu. Tuandike kwamba maji yalichafuka, tusonge mbele."

"Yalichafuka kwa sababu ya sindano iliyoacha tundu wazi mchana na usiku," Sista alisema. "Na sindano niliiweka mimi."

Jumatatu, wakati wa kukabidhiana zamu, aliwaambia wauguzi hivyohivyo. Mmoja alianza kulia, kwa sababu ndiye aliyemchoma yule binti dozi ya mwisho. Sista akamshika bega. "Wewe ulifanya nilivyokufundisha. La kujibu ni langu." Baadaye aliwakusanya akina mama akawaambia nao. Kulikuwa na kelele, na baba mmoja alitaka kuandika barua kwa mganga mkuu. Sista alimpa karatasi na kalamu.

Wale watoto wawili walibadilishiwa dawa. Mmoja alianza kunyonya baada ya siku nne. Wa pili alikawia, lakini naye akavuka. Wiki tano zikapita bila ugonjwa ule kurudi. Mama Maziwa aliruhusiwa mwanawe akiwa na kilo mbili kasoro robo, na Sista alimsindikiza mpaka getini, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Lakini kabla watoto hawajapona, jioni ya Jumatatu ileile aliyowaambia wauguzi, Sista alienda kwa msusi.

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu. Msusi alikuwa peke yake, anafagia nywele. Alipomwona aliacha fagio katikati ya chumba.

Sista alimweleza akiwa amesimama. Alimweleza chupa, sindano, nani aliiweka, na kwamba damu ya binti yake haikupimwa, kwa hiyo uhakika kamili haupo, ila yeye mwenyewe haamini kulikuwa na sababu nyingine.

Msusi alikaa kwenye kiti cha wateja. "Mimi nilijua ni mimi," alisema. "Na mume wangu anajua ni mimi. Hajasema, lakini anajua."

"Si wewe. Nitakuja kumwambia mwenyewe, akikubali."

"Mbona ulisema vile mbele ya watu?"

"Nilikosea. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba kosa haliwezi kuwa letu."

Nje mtu aliuliza kama pamefungwa, msusi akajibu kwamba pamefungwa.

"Aliumia?" akauliza.

Sista alifikiri kabla ya kujibu. "Usiku ule wa mwisho alihangaika. Asubuhi, ulipombeba, mapigo yake yalitulia. Niliyaona kwenye mashine."

Msusi alifuta uso kwa kiganja. "Sikusamehe leo," alisema. "Sijui kesho."

"Sawa."

"Mume wangu anarudi saa moja. Kaa hapo umsubiri."

Sista akakaa.