Perege Wangu na Mikorosho ya Rahimu

Perege wangu thelathini na mmoja walikufa siku moja, mwezi wa sita, na kabla jua halijazama nilikuwa nimeshamshitaki jirani yangu Rahimu kwa mjumbe wa mtaa. Sikumpa hata nafasi ya kumeza mate. Ndivyo nilivyo. Mama yangu kule Lionja alikuwa akisema nilizaliwa nikibishana na mkunga.

Naitwa Hajra, nauza chakula karibu na stendi ya Nachingwea. Samaki wetu hutoka Lindi, na wakifika huku wamechoka kuliko abiria. Ndiyo maana nikaamua kufuga wangu nyuma ya nyumba. Kwa mwoka mikate mmoja wa Ruangwa nilipata tangi la plastiki la lita elfu moja, lile linalokaa ndani ya kizimba cha chuma, lililokuwa la mafuta ya kula. Nililisugua kwa majivu na sabuni siku tatu, nikalikata juu, nikatia vifaranga hamsini vya perege. Pipa la bluu nikalipasua kwa urefu, nikalijaza kokoto na kuliinua juu ya mbao, likawa tuta la mchicha. Pampu ndogo ya umeme inapandisha maji yenye kinyesi cha samaki, mchicha unajilia mbolea yake, maji yanachuruzika kurudi tangini yakiwa safi. Mwanzoni watu walikuja kucheka. Baadaye walikuja kununua mchicha.

Rahimu hakucheka. Aliniazima msumeno, akanishikia na kizimba nilipokuwa nakata. Nyuma ya ukuta wangu ana mikorosho tisa aliyoachiwa na baba yake, na shamba lake lote ndilo hilo.

Huku kwetu anayetaka kupiga salfa hupita jioni nyumba kwa nyumba: "Kesho alfajiri napiga, funikeni maji." Salfa ni unga wa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa unaounguza maua ya mikorosho, na hupulizwa umande ungali juu ya majani ili unate. Alipopita Rahimu mwezi ule wa sita, kwangu alisimama zaidi.

"Dada Hajra, na hao samaki itakuwaje?"

"Samaki wangu niachie mwenyewe, kaka. Mimi mtoto wa Lionja, salfa naijua."

Nilifunika kweli. Ndoo, pipa la kunywa, na tangi nililifunga turubai gumu, nikalikaza kwa kamba pande zote nne. Nikawaza: unga ukitua kwenye kokoto, pampu itaushusha kwa samaki. Nikazima pampu. Nilijiona nina akili kuliko mtaa mzima. Alfajiri nikasikia mashine ya Rahimu ikinguruma, nikaenda zangu stendi.

Niliporudi saa nane mchana na kufungua turubai, walikuwa wanaelea matumbo juu. Nililia kwa sauti. Kisha nikatoka nje nikiita jina la Rahimu, na majirani wakajaa uani. Alikuja, akatia mkono tangini, akanusa kiganja.

"Dada, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini? Wafufuke?"

Mama Dafrosa, mjumbe wetu, alisikiliza zaidi mwenye sauti kubwa, na huyo nilikuwa mimi. Akaamua ile mikorosho tisa isipigwe tena salfa mpaka jambo lijulikane. Salfa haipigwi mara moja ikatosha, inarudiwa kila baada ya wiki mbili tatu. Rahimu alisema kwa upole, "Mama, maua hayangoji." Nikamjibu mimi, tena si mimi niliyeulizwa, kwamba hata samaki hawakungoja.

Wale kumi na tisa waliosalia niliwahamishia kwenye pipa dogo la maji safi, nikaogopa kuwarudisha tangini. Pampu nikaihamishia humo iwe inazungusha maji. Siku zikapita. Wiki ya tatu umeme ukakatika asubuhi. Nilikuwa nachambua mchele kando ya pipa, nikasikia mlio kama wa watoto wanaofyonza uji. Perege wote walikuwa juu, midomo wazi, wanapapia hewa. Hakuna aliyepiga salfa siku hiyo. Hapakuwa na turubai wala chembe ya unga. Pampu tu ndiyo ilikuwa imenyamaza.

Nilishika jagi nikawa nachota maji na kuyamwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, mpaka mkono ukafa ganzi. Wawili walikufa, wengine wakatulia wakazama. Nami nikakaa chini kwenye tope. Kumbe maji yasipochezeshwa samaki hawapati pumzi, na mimi siku ile niliwazimia pampu, nikawafungia kwenye joto la turubai mpaka saa nane mchana. Salfa haikuwagusa. Niliwaua mimi.

Nilimkuta Rahimu shambani na mkewe Mwantumu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa.

"Nilijua," alisema. "Siku ile maji yalikuwa ya moto, na unga haukuwemo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikwambia ngoja kwanza. Mara tatu, dada."

Mimi nilikuwa nimesikia moja tu. Aliinua tawi la karibu anionyeshe, bila ukali wowote. Maua yalikuwa yamefunikwa unga mweupe wa ugonjwa, mengine yameshaungua, na yalidondoka alipoachia tawi.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Dafrosa, nikaomba waitwe walewale waliokuwa uani kwangu, nikasema mbele yao kwamba samaki niliwaua mwenyewe. Rahimu akaruhusiwa kupiga salfa tena. Kesho yake alfajiri nilimbebea mfuko wa salfa, nikatembea nyuma yake mti kwa mti, na sote tulijua tumechelewa.

Mwezi wa kumi mtaa mzima uliinama kuokota korosho. Chini ya ile mikorosho tisa Mwantumu alikuwa anafagia majani matupu. Hakunisema hata siku moja. Kila asubuhi ananisalimia juu ya ukuta, "Umeamkaje, wifi?", na kila asubuhi natamani anitukane.