Sarafu ya Chai Yavishwa Kromu

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba sanaa ya kupaka kromu ilipiga hatua kubwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Aliyeipigisha hatua hiyo ni msichana wa kidato cha pili, yuko likizo, glavu zimemfika kwapani, na ruhusa ya mtu hana.

Nyumbani walimwita Profesa. Babu yake alikuwa fundi wa kromu: mabomba, bampa, vikombe vya washindi, vyote vilitoka karakanani kwake vikimeta. Sarafu yake mwenyewe, ya shaba, ilikuwa nyeusi kama sufuria kuukuu. Kila asubuhi, miaka arobaini sasa, yeye na bibi waliirusha: kichwa kikija juu, babu anapika chai; ukija mwenge wa upande wa pili, bibi. Bila sarafu hiyo wangebishana mpaka adhuhuri.

Profesa alitaka kuwafurahisha. Aliipeleka karakanani, akaikandamiza kwenye gurudumu la kung'arishia, akasugua weee, akavua glavu aipapase kidogo. Kisha akaitumbukiza kwenye beseni la nikeli, halafu la kromu. Ilipotoka inawaka alijiona amehitimu. Alipoigeuza, lo: kichwa hakuna, mwenge hakuna. Gurudumu lilikuwa limekula vyote. Akairudisha kwenye kopo ilimokuwa ikikaa, akatoka akipiga mluzi.

Kesho yake babu akairusha, akainama, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Vipi, mzee, umeshindwa?" bibi akauliza.

"Sijui. Ina upara pande zote, kama mimi."

"Labda imechakaa, babu," Profesa akasema kwa sauti ya mtoto mwema.

"Ichakae usiku mmoja, tena ing'ae?" Babu akaisogeza dirishani. "Kromu haifichi kitu, mjukuu wangu. Usipoosha mafuta ya vidole, alama inabaki chini yake. Ona, dole gumba hili hapa. Lina kovu katikati."

Profesa akaficha mkono nyuma.

"Lete dole."

"Ni mimi, babu," akasema, machozi yakimlenga. "Nilitaka iwapendeze. Nisameheni, nimewafutia kichwa chenu."

Babu akaitazama alama ile, akampa bibi naye aitazame. Wote wawili wakaanza kutabasamu.

"Basi kichwa kipya ndicho hiki," bibi akasema. "Dole likija juu, chai anapika Profesa."

"Likija chini?" Profesa akauliza.

"Profesa pia, mpaka shule zifunguliwe. Na yule aliyetia chumvi kwenye kopo la sukari juzi, ni nani?"

Profesa akalitazama dole lake.

"Huyo naye, bibi, ana kovu hilihili."