Nyayo Juu ya Mirihi

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Nikiongeza hata punje moja ya chumvi, basi sato wote wa ziwa hili wageuke furu, vile visamaki vidogo vya miiba, siku nitakayoalikwa kula. Wapo wanaosema kwamba Chenge, yaani mimi, alipostaafu kuchambua pamba kiwandani alianza kuchambua ukweli. Hao wana wivu tu.

Pale Mkuyuni, kwenye mgahawa wa Kokulinda, tunakutana wastaafu wanne kila Jumamosi alasiri kujadili sayari. Darubini hatuna. Tuna simu, miwani ya kusomea na ubishi. Mwalimu Rwekaza alifundisha jiografia, Antoni alikuwa nahodha wa meli za mizigo, na Evelina, mkunga mstaafu, ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anaishi Kisesa. Kila mmoja analeta picha, nasi tunaichambua mpaka chai ipoe: hapa ni bonde au kivuli, haya ni matuta ya mchanga au mto uliokauka. Mwenye picha bora anakalia kiti cha Kokulinda, kile chenye mto na egemeo, kinachotazama ziwa. Wengine tunabaki kwenye benchi.

Mgongo wangu na lile benchi haviivani hata kidogo, kwa hiyo nilikilinda kiti kile kwa kila silaha niliyonayo. Picha yangu ikiwa dhaifu, niliisindikiza na maelezo. Ndipo niliposimulia kile kimondo kilichoniangukia shambani Misungwi, nikanolea panga, hata panga likawa linakata kuni kabla sijalinyanyua.

Kisha Rwekaza akanunuliwa kishikwambi na mkwewe. Jumamosi ile Mwalimu alitufungulia matuta ya mchanga ya Mirihi, safi kiasi kwamba Antoni alijipangusa vumbi midomoni. Kiti kikahama. Wiki iliyofuata akaleta mashimo ya Mwezi, iliyofuata tena barafu ya mwezi wa Mshtarii, na mimi nikawa naondoka pale nimejikunja kama ndoano.

Basi nikamsindikiza mke wangu Kisesa kumsalimia mdogo wake. Wakati dada hao wawili wanapiga soga jikoni, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaliona jiwe kubwa la Evelina, limelala kama kiboko aliyeshiba. Juu yake alikuwa ameanika michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuachiwa jua. Nikapanda juu na katambuga zangu, hizi ndala zinazochongwa kwa matairi ya gari, nikatandaza karatasi nyekundu ya biskuti, ile inayopitisha mwanga, mbele ya kamera ya simu, nikapiga. Jamani, sikudanganya. Niliisogeza tu Mirihi karibu.

Nilichagua Jumamosi ambayo Evelina alikuwa na mazoezi ya kwaya. Nikaweka simu mezani bila neno, kama mtu anayeweka turufu.

Wakainama wote. Kokulinda naye akaacha birika, akaja kuchungulia. Antoni akauliza vile vipande vyeupe vilivyojikunja ni kitu gani. Nikamwambia ni magamba ya chumvi, masalia ya ziwa la kale, na kwamba wataalamu wenyewe bado wanagombana. Rwekaza akaikuza picha, akaikuza tena. Akaona alama za vumbi zinazopanda jiweni, zenye mistari mistari.

"Na haya?"

"Magurudumu, Mwalimu. Lile gari la utafiti limepita hapo asubuhi."

Akaikuza picha mara ya tatu. Nikaona shingo yake inalegea, nikaanza kuuhisi ule mto chini yangu.

"Sikiliza, Mzee Chenge," akasema hatimaye. "Picha hii ikiwa ya kweli, kiti ni chako mpaka tukuzike. Ikiwa ya uongo, utafanya kazi yoyote atakayokupa atakayekunasa. Unakubali mbele ya hawa?"

Nikakubali. Nilikuwa nimeshanyanyua nusu ya makalio kutoka kwenye benchi.

Hapo akaingia Evelina. Mwalimu wa kwaya alikuwa anaumwa jino, mazoezi yamevunjika. Mkononi alikuwa na mfuko wa michembe aliomletea Kokulinda, na hata kabla ya kuketi akaanza kulalamika kwamba kuna mtu kamchafulia jiwe lake wiki hii, michembe imejaa mchanga, hajui ni mtoto wa nani asiye na adabu. Antoni akamsogezea simu atulie, aone chumvi ya Mirihi na njia ya gari la utafiti.

Evelina akavaa miwani. Akaangalia. Akatoa kipande kimoja cha mchembe mfukoni, akakilaza kimya kimya juu ya kioo cha simu, kando ya gamba la chumvi. Kisha akainama, akatazama chini ya meza, miguuni kwangu.

"Mwalimu," akasema, "hilo gari lenu linatembea kushoto, kulia, kushoto, kulia?"

Rwekaza akaitazama tena ile njia ya magurudumu. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Shemeji," Evelina akaniambia, "kwetu jiwe la kuanikia halikanyagwi na viatu. Hata kuku tunamfukuza. Umekula kwangu miaka yote hiyo, hukuona tukivua?"

Nilijaribu kueleza kwamba huko Mirihi nako huenda wanaanika. Nikaombwa nivue katambuga, ziwekwe mezani kama kielelezo.

Ndiyo maana leo niko Kisesa, mbele ya rundo la viazi lenye kimo cha ndama, namenya na kukata. Utomvu umevifanya vidole vyangu vyeusi, na kila beseni likijaa napanda jiweni pekupeku kuanika. Wenzangu wamekuja wote kushuhudia malipo. Rwekaza amekuja na kile kiti kwenye bajaji, amekaa kivulini anakunywa kahawa ya kwao, na nilipopanda mara ya mwisho akanipiga picha kwa nyuma.

Sasa wameikuza picha hiyo mpaka kisigino changu kimejaa kioo chote. Antoni anaonesha kwa kijiti: bonde kuu lile, vijito vyake vile, ule ufa wa pembeni yawezekana ni wa tetemeko la ardhi. Evelina anashikilia kwamba hapo zamani palipita maji, ila ni zamani sana. Wamepiga kura, picha imeshinda, kiti kimebaki kwa Mwalimu.

Nimewaambia kisigino ni changu, kwa hiyo nusu ya kiti ni yangu. Evelina amenisogezea beseni jingine.